Uzi: Nilitembea kwa miguu na kikundi cha wenyeji kwenye vijiji vya Cotswolds, Uingereza. Haya ndiyo ya kujua kabla hujajiunga

#1 Mwanzisha uzi

Habari zenu wakuu. Mwaka jana mwezi wa tano nilikwenda kumtembelea dada yangu mkubwa anayeishi Coventry, nikakaa wiki sita. London nilizunguka siku mbili, nikapiga picha zile ambazo kila mtu hupiga. Lakini kilichonikaa moyoni mpaka leo ni Jumamosi moja niliyotembea maili 8 hivi na watu 16 nisiowajua, tukikatiza mashamba ya watu, kutoka Chipping Campden mpaka Broad Campden, tukaenda Blockley, tukarudi. Ndugu zetu wengi wanafika Uingereza wakaishia mjini na madukani, hawajui kwamba mlango huu nao uko wazi kwao. Ndiyo maana naandika.

Mimi ni mzaliwa wa Marangu. Kwetu mtu hutembea kwa kwenda mahali: sokoni, kanisani, shuleni, msibani. Jirani ya dada, mama mmoja mstaafu, alipouliza kama nitapenda kuungana na kikundi chao Jumamosi, niliuliza tunakwenda wapi. Akasema tunatoka Chipping Campden, tunarudi Chipping Campden. Nilikubali kwa heshima yake tu.

Tulikutana saa nne kamili asubuhi kwenye lile soko la zamani la katikati ya mji, lililojengwa mwaka 1627. Ni jengo wazi pande zote, nguzo za mawe na paa la mbao nzito, na sakafu yake ya mawe imelika kwa nyayo hadi imekuwa kama mawimbi. Ukisimama mguu mmoja uko juu, mwingine chini. Saa nne maana yake saa nne. Saa nne na dakika tano tulikuwa tumeshahesabiwa, kiongozi ametueleza njia, kilima kiko wapi na chakula tutakula wapi, na ameteua mtu mmoja wa kutembea mwisho kabisa ili asibaki mtu nyuma. Mkifika kwenye geti, wa mbele anamtazama wa mwisho ndipo anasonga. Utaratibu huu niliupenda sana.

Kabla hatujaondoka kiongozi, mama wa miaka sabini na kitu, aliangalia miguu yangu. Nilikuwa nimevaa raba za kawaida, soli laini, na mvua ilikuwa imenyesha siku mbili. Hakusema neno mbele za watu. Alikwenda kwenye buti la gari lake, akaja na viatu vya matembezi na soksi nene, akaniuliza kwa sauti ya chini kama vitanitosha. Vilitosha. Bila vile nisingefika hata nusu, kwa sababu udongo wa kule ukilowa unashika kiatu kama ugali wa moto.

Sasa niwaambie kilichonifanya niandike.

Tulipita nyuma ya nyumba, tukafika kwenye kibao cha mbao chenye mshale wa njano, na mbele yetu shamba la ngano mbichi, limefika gotini. Nikasimama. Nimelelewa kwenye kihamba, shamba la ukoo la Wachaga, najua ilivyo kukanyaga mazao ya mtu. Yule mama kiongozi akaniambia, angalia chini. Katikati ya ngano ulikuwapo mstari wa udongo mtupu, upana wa hatua moja, umenyooka kutoka kwenye geti tulilosimama mpaka geti la ng'ambo. Mkulima mwenyewe ndiye aliyeuacha. Shamba ni lake, ngano ni yake, ila njia ni ya umma, na sheria ya mwaka 1990 inamtaka akishalima airudishe njia ndani ya siku 14, isipungue upana wa mita 1 inapokatiza shamba. Tukapita mmoja nyuma ya mwingine, ngano ikitugusa pande zote mbili, na hakuna aliyetoka nje ya mstari.

England na Wales zina takribani kilomita 225,000 za njia za namna hii, za umma kisheria ingawa nyingi ziko juu ya ardhi ya watu binafsi. Mshale wa njano ni wa waenda kwa miguu, wa buluu unaruhusu na farasi na baiskeli. Nyingi ni njia ambazo watu wa kale walikwenda nazo kanisani, kwenye kinu, kijiji cha jirani, yaani safari zile zile za kwetu Marangu. Ardhi ya pamoja ya vijiji ilipokuja kuzungushiwa uzio na kugeuka mali ya wachache, wanakijiji walipoteza malisho na kuni, lakini njia nyingi zilibaki kwa sababu watu hawakuacha kuzipita. Na mpaka leo, njia ikitumiwa na watu miaka 20 mfululizo, waziwazi, bila kuomba ruhusa na bila kuzuiwa, sheria ya barabara ya mwaka 1980 inaihesabu kuwa imetolewa kwa umma, labda mwenye ardhi athibitishe kwamba hakuwa na nia hiyo. Kwa hiyo wale wazee wenye fimbo hawanyooshi miguu tu. Wanaitunza njia kwa kuipita.

Kabla ya Broad Campden tulikatiza malisho ya kondoo, na ardhi ikaanza kupanda na kushuka chini ya miguu yangu, kama mtu anayetembea juu ya mikunjo ya mkeka. Ni matuta ya kilimo cha zamani, ya enzi za kulima kwa maksai, na tangu eneo lile ligeuzwe malisho halikulimwa tena, nyasi zikayafunika yakabaki na umbo lake. Nilisimama juu ya tuta moja nikahesabu mengine tisa mpaka ukutani. Mtu aliyelima pale amekufa miaka mia kadhaa iliyopita na tuta lake lipo.

Broad Campden ni kijiji kidogo: nyumba za mawe ya chokaa yenye rangi ya asali, baadhi zimeezekwa kwa nyasi, nyasi zimekatwa kingo kwa usafi wa ajabu. Pana nyumba ndogo ya ibada ya Waquaker, dhehebu la Kikristo, ya tangu 1663. Na pana kanisa dogo la kale lililogeuzwa makazi, ambapo mwanzoni mwa karne ya 20 aliishi Ananda Coomaraswamy, mwanazuoni wa sanaa aliyezaliwa Colombo mwaka 1877, baba yake Mtamil wa Ceylon. Yule mama alinionyesha kwa kidole bila kuongeza kitu. Nadhani alitaka nijue kwamba si mimi wa kwanza kufika pale kutoka mbali.

Blockley ndipo tulipokula. Kijiji kimekaa bondeni, na kijito chake kiliendesha vinu vya hariri. Hariri ya pale ilikwenda kufumwa tepe huko Coventry, mji uleule anaoishi dada yangu! Serikali ilipoondoa ushuru kwa hariri ya Ufaransa mwaka 1860, biashara ikaanguka pande zote mbili, kijijini na mjini. Leo vinu vimekuwa nyumba za kuishi. Duka la kijiji ni la wanakijiji wenyewe, kama ushirika wetu, na linauza chai nzuri. Tulikaa kwenye ukuta karibu na kanisa, kila mtu na chakula chake. Watu walinipa keki, mimi nikawapa kashata za nazi nilizotoka nazo nyumbani. Zikaisha kabla hazijafika kwa mtu wa mwisho.

Tuliporudi Chipping Campden niliingia kanisa la Mtakatifu James. Sakafuni mbele kuna bamba la shaba la William Grevel, aliyefariki mwaka 1401, na limeandikwa kwa Kilatini kwamba alikuwa ua la wafanyabiashara wa sufu wa Uingereza nzima. Nyumba zile nzuri na kanisa lile vimetoka mgongoni mwa kondoo. Niliinama nikaangalia shaba ile kwa muda mrefu, miguu ikiniuma.

Ulizeni, nitajibu ninachokijua.

#2 Mchangiaji, Arusha

Ahsante sana dada kwa uzi. Swali la mwenye njaa: gharama ikoje, na mgeni mwenye viza ya matembezi anaruhusiwa? Au mpaka uwe mwanachama?

#3 Mwanzisha uzi

Mkuu, kutembea kwenyewe ni bure. Kikundi nilichokwenda nacho hakikunidai kitu. Chama kikubwa kuliko vyote ni Ramblers, cha tangu 1935, kina vikundi nchi nzima na kinatangaza matembezi kwenye tovuti yake, maili ngapi, vilima vipi, mnakutana wapi. Asiye mwanachama anaweza kuonja mpaka mara tatu kabla ya kuombwa ajiunge. Wapo pia walinzi wa kujitolea wa Cotswolds wanaoongoza watu siku nyingi za mwaka. Hakuna anayeuliza pasipoti. Mwandikie kiongozi ujumbe kabla, mwambie wewe ni mgeni, unatembea kwa kasi gani, una tatizo la kiafya au huna. Mwambie ukweli. Ukisema unaweza maili 10 na huwezi, watu 16 watakusubiri kwenye mvua.

Utakachotumia hela ni nauli. Kutoka London unapanda treni Paddington mpaka Moreton-in-Marsh, saa moja na nusu hivi, halafu basi mpaka Chipping Campden. Angalia ratiba ya basi kabla ya kitu kingine chochote, na Jumapili mabasi ya vijijini ni adimu.

#4 Mchangiaji, Zanzibar

Assalaam alaykum. Dada yangu, mimi navaa hijabu na sitaki kuingia baa. Naskia matembezi yao yote huishia baa. Na sala je? Na watu wanakutazama vipi, useme kweli usitufiche.

#5 Mwanzisha uzi

Waalaykum salaam dada. Ni kweli vikundi vingi huishia baa, lakini baa ya kijijini kule ni kama mgahawa, watu wanakula na watoto wao, na nusu ya meza yetu walikunywa chai. Hakuna anayelazimishwa, wawili waliaga wakaondoka zao na hakuna aliyewauliza. Ukiingia, vua viatu vya matope mlangoni au uvivalishe mifuko ya plastiki, wote hufanya hivyo.

Kuhusu kutazamwa. Ndani ya kikundi sikuona baya. Nje ya kikundi, mwanamume mmoja mwenye mbwa tulipishana naye karibu na Blockley, akawasalimia wote mmoja mmoja, alipofika kwangu akaniuliza kama nimepotea. Kiongozi akamjibu kabla yangu: yuko pamoja nasi. Akasema hivyo tu, tukaendelea. Iliniuma, na bado inaniuma nikiikumbuka, kwa sababu nilikuwa na haki ya kuwa pale hata kama ningekuwa peke yangu. Yule mama alitembea kando yangu nusu saa nzima bila kuzungumza habari ile. Nilimshukuru kwa hilo.

#6 Mchangiaji, Birmingham

Dada wa Zanzibar, mimi niko huku miaka 11. Kipo kikundi kinaitwa Muslim Hikers, kilianzishwa na Haroon Mota wa Coventry wakati wa corona. Wanasimama kwa sala, mkeka mdogo kwenye begi. Siku ya Krismasi mwaka 2021 walitembea Peak District, picha zao zikatukanwa mtandaoni. Hawakuacha, na watu wakazidi kujiunga. Kwa akina dada weusi kipo Black Girls Hike, cha Rhiane Fatinikun, tangu 2019. Mimi nilianza na watu wanaofanana nami, nilipozoea milima ndipo nikaenda na kikundi cha wazee wa mtaani kwangu. Sasa mimi ndiye mtu wa mwisho, nahakikisha hakuna anayebaki.

Mwanzisha uzi kaandika vizuri habari ya njia, ila niongeze. Haki hii haikuja kwa upole. Tarehe 24 Aprili 1932 watu wapatao 400, wengi vijana wa viwandani, walipanda Kinder Scout kutokea Hayfield bila ruhusa, kwa sababu mlima ulikuwa umefungwa kwa ajili ya uwindaji wa ndege wa matajiri. Kiongozi wao, Benny Rothman, alikuwa na miaka 20. Watano walifungwa jela. Sheria ya mbuga za taifa na njia ikaja 1949, na mwaka 2000 ikaja ya kuruhusu watu kutembea kwa uhuru milimani na kwenye nyika. Mimi nimesimama pale Kinder kwenye upepo, na nikiwa fundi wa kiwandani niliwawaza wale vijana wa siku moja ya mapumziko kwa wiki.

#7 Mchangiaji, Vihiga, Kenya

Nimefurahi kuona nyumba ya Waquaker imetajwa. Sisi huku tunaitwa Marafiki. Misheni ya Kaimosi ilianza 1902, na leo Kenya ina Marafiki wengi kuliko Uingereza. Naomba kujua, uliingia ndani?

#8 Mwanzisha uzi

Ndugu yangu, ilikuwa imefungwa siku ile, niliiona kwa nje. Ukuta wa mawe, paa lenye mteremko mkali, kimya. Ukifika Uingereza nenda siku ya ibada, nina hakika watakupokea.

#9 Mchangiaji, Dodoma

Vipi ng'ombe? Nimeskia wanaua watu huko.

#10 Mwanzisha uzi

Mkuu, si mzaha, inatokea, hasa ng'ombe wenye ndama na mtu mwenye mbwa. Tulikutana na kundi la ng'ombe na ndama zao. Kiongozi alitusogeza tukawa pamoja, tukapita mbali nao kwa mwendo wa kawaida, hakuna kukimbia, hakuna kupita kati ya ng'ombe na ndama wake. Aliyekuwa na mbwa alimshika kamba fupi, lakini akaambiwa ng'ombe wakija juu amwachie mbwa, kwa sababu wanamfuata yeye. Geti ulilolikuta limefungwa lifunge, ulilolikuta wazi liache wazi. Mahali pengine hakuna geti, kuna vipago vya mbao vya kupandia ukuta. Vikilowa vinateleza, shika nguzo.

Na vaa suruali ndefu. Kuna jani linawasha kama upupu kila ukingo wa njia, na kwenye majani marefu kuna kupe. Jikague usiku, nyuma ya magoti na kiunoni, kupe wa kule wanaambukiza ugonjwa wa Lyme.

#11 Mchangiaji, Moshi

Shikamooni wakubwa, marahaba wadogo. Mwanangu, umeandika habari za Waingereza lakini nimesoma habari za kwetu. Marangu, Kilema, Mamba, vijia vya kwenda mferejini vilikuwa kati ya kihamba na kihamba, vimepandwa masale, ile mimea ya mpaka, pande zote, na hakuna aliyeweza kuvifunga. Siku hizi mtu ananunua kihamba, anajenga ukuta wa tofali, kijia kimekufa. Kwenu bado vipo?

#12 Mwanzisha uzi

Shikamoo baba. Kwetu kile cha kwenda mferejini na kanisani kilifungwa miaka mitatu iliyopita. Aliyenunua ni mtu mwema, hakujua, na hakuna karatasi iliyomwonyesha. Mama yangu ana miaka 74, sasa anazunguka barabara ya juu, pikipiki zinampita jirani kabisa. Nilipokuwa kwenye lile shamba la ngano nilimfikiria yeye. Niliporudi nilikwenda kwa mwenyekiti wa kijiji nikiwa na wazee wanne wanaokumbuka kijia kilikopita, tukakitembea mpaka ukutani, mmoja akaonyesha sale moja kubwa lililobaki mpakani. Mwenye kihamba alitoka, akatusikiliza, akasema atafikiria. Ukuta bado upo. Tumepanga kurudi mwezi ujao, na safari hii mama anakuja.

#13 Mchangiaji, Birmingham

Fanyeni hivyo dada. Na chukueni picha za hilo sale kabla halijang'olewa, pamoja na majina ya wazee na walichokisema.

#14 Mchangiaji, Mwanza

Nakwenda Oktoba mwishoni, wiki mbili, Oxford. Bado inawezekana au baridi imeshafika?

#15 Mwanzisha uzi

Inawezekana mkuu. Majani yanakuwa mekundu, nasikia pazuri sana. Koti la mvua, nguo nyepesi mbili tatu za kuvaa moja juu ya nyingine badala ya koti moja zito, viatu vyenye soli ya meno, chupa ya chai, chakula chako, na mfuko wa plastiki wa kukalia kwa sababu nyasi zimelowa muda wote. Saa zao hurudishwa nyuma Jumapili ya mwisho ya Oktoba, na baada ya hapo jua linazama kabla ya saa kumi na moja jioni. Chagua matembezi ya maili 5 au 6, na tochi isikose kwenye begi.